Kozi Tano za Tembe



Leo nazungumza na watu wazima kuhusu jioni zao. Mji wetu wa Dodoma una watu wengi ambao kazi ikishakwisha hawana pa kuelekea. Tangu Julai 2016, Rais John Magufuli alipotangaza kwamba Serikali inahamia Dodoma, watumishi wamekuja kwa maelfu, na wengi wameacha familia Dar es Salaam kwa sababu ya shule za watoto au ajira ya mwenzi. Mtu amepanga chumba na sebule Ilazo, Kisasa au Area D. Anarudi, anaoga, anakula, kisha anaanza kuitafuta saa ya kulala. Wapo wanaoitafuta baa, wapo wanaoitafuta kwenye simu, na wapo wanaoitafuta kwenye mikeka ya kubashiri mpira, ambako mshahara wa mwezi unaweza kuyeyuka kabla ya filimbi ya mwisho.

Mimi jioni zangu nyingi nazimaliza mezani na matofali ya kuchezea. Nazungumzia vile vitofali vya plastiki vyenye vinundu juu na uwazi chini, unavikandamiza vinashikana, unavivuta vinaachana. Wengi wenu mmewanunulia watoto, halafu mkavikanyaga usiku mkiwa pekupeku. Navijenga, navibomoa, navikusanya, na kila ninapokutana na mtu mzima mwenzangu mwenye hamu hiyo tunapotea saa nzima tukizungumzia aina moja ya kipande. Nimekuja kuwashawishi mjaribu.

Najua swali litakalokuja, maana nimeulizwa usoni: mtu na ndevu zake anacheza na midoli? Jibu langu huwa ni bao. Nendeni Majengo Jumapili alasiri, au kijiji chochote chenye mti wa kivuli, mtawakuta wazee wameinamia mashimo 32 na kete 64, wengine wamesimama nyuma wanatoa ushauri ambao hawakuombwa. Hakuna anayewauliza wamekosa nini cha kufanya. Anayelijua bao anaheshimika. Karata hivyo hivyo, drafti hivyo hivyo. Kwa hiyo jamii yetu haina ugomvi na mtu mzima anayecheza. Ugomvi wake ni na rangi nyekundu na njano za plastiki, na mimi naona ugomvi huo haujapimwa vizuri.

Tuanze na kitu chenyewe, kwa sababu kikieleweka heshima itakuja yenyewe. Kiwanda kinachojulikana zaidi kwa vitofali hivi ni LEGO, cha mji mdogo wa Billund nchini Denmark. Mwanzilishi ni seremala Ole Kirk Christiansen. Mwaka 1932 mdororo wa uchumi ulikuwa umekausha kazi za ujenzi, na mwaka huo huo mkewe alifariki akamwachia watoto wanne wa kiume. Hakuna aliyekuwa anajenga nyumba, basi akageukia vitu vidogo vidogo: ngazi, meza za kupigia pasi, kisha vichezeo vya mbao. Vitofali vya plastiki vilikuja mwaka 1949, vikifuata wazo la Mwingereza Hilary Fisher Page, na vya mwanzo vilikuwa vitupu ndani, havishikani sawasawa. Tarehe 28 Januari 1958 mtoto wa Ole Kirk, Godtfred, aliomba hataza ya muundo mpya: ndani ya tumbo la tofali kuna vibomba, na vinundu vya tofali la chini vinabanwa kati ya vibomba hivyo na ukuta. Hapo ndipo lilipopatikana lile bano tunalolijua. Tofali la mwaka 1958 linashika na tofali lililotoka kiwandani mwaka huu.

Chukua moja, lile la vinundu vinane, uliweke kiganjani. Lina urefu wa milimita 32, upana wa milimita 16 na kimo cha milimita 9.6. Kuna ndugu yake mwembamba, kibao, ambacho vitatu vikipandana vinalingana sawasawa na tofali moja. Usahihi wake ndio siri yote. Likizidi hata kwa unywele, halitaingia. Likipungua, ukuta utalegea. Sasa chukua sita ya namna hiyo, ya rangi moja. Mtaalamu wa hesabu Søren Eilers wa Chuo Kikuu cha Copenhagen alifanya hesabu ya njia zote za kuyaunganisha hayo sita, akapata 915,103,765. Kwa matofali sita tu! Mimi huwaambia hivyo wanaodhani mchezo huu unaisha baada ya kumaliza picha iliyoko kwenye boksi.

Na fundi mwashi wa hapa kwetu atauelewa haraka kuliko mtu yeyote. Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi umekuwa ukihimiza kwa miaka mingi matofali ya kufungamana: udongo unachanganywa na saruji kidogo, unashindiliwa kwenye mashine, tofali linatoka lina kinundu upande mmoja na nafasi ya kukipokea upande wa pili. Yanapangwa makavu, bila kuweka saruji katikati. Akili ni ile ile. Hata sheria ya kwanza ya ukuta ni ile ile: tofali la kozi ya pili lazima lipande juu ya maungio ya kozi ya kwanza, mpishano kwa mpishano. Asiyepishanisha atapata nguzo zilizosimama bega kwa bega, zikisukumwa kidogo zinagawanyika. Nimewaona vijana waliomaliza ufundi wakipewa vitofali hivi kwa mara ya kwanza. Hawafikirii, mikono inapishanisha yenyewe.

Kwa miaka mingi kiwanda cha LEGO chenyewe kilimhesabu mteja wake kuwa mtoto. Mwaka 1998 kilipotoa seti za kujenga roboti, kikashangaa kuona wanunuzi wengi ni watu wazima, tena walioanza kuifungua programu yake na kuiboresha wenyewe. Miaka mitano baadaye kampuni ikaingia kwenye hasara kubwa, na katika kujinusuru ikaanza kuwasikiliza hao wakubwa. Mwaka 2008 ikaja safu ya majengo maarufu, iliyoanzishwa na msanifu majengo wa Chicago, Adam Reed Tucker. Mwaka 2019 ikanunua BrickLink, soko la mtandaoni ambako watu wazima wa nchi nyingi huuziana kipande kimoja kimoja. Mwaka 2020 ikaanza kuandika 18+ kwenye maboksi, wazi kabisa. Leo kuna Mnara wa Eiffel wenye vipande 10,001, na kuna meli ya Titanic yenye 9,090. Hizo si seti za kumtuliza mtoto mgonjwa.

Hapa Tanzania fedha za LEGO tumeziona zaidi upande wa watoto. Taasisi yake ya hisani ilitoa dola milioni 100 kwa shirika la misaada la IRC kwa mradi wa PlayMatters, uliolenga kuwafundisha watoto kwa njia ya mchezo Ethiopia, Uganda na hapa nchini, wakiwemo watoto wakimbizi wa Kigoma. Jambo jema sana. Walimu wanatuambia mtoto anayejenga kwa mikono anajifunza kupanga, kusubiri, kujaribu tena. Swali langu ni moja: uwezo huo, ambao kwa mtoto tunauona wa thamani kiasi hicho, tunauachia ukauke akifika umri gani? Ofisa anayeshinda kutwa akiandika dokezo na kusubiri lirudi na saini, ambaye kazi ya mwezi mzima haimwonyeshi hata kitu kimoja cha kushika, huyo anahitaji kujenga kuliko mtoto wake.

Na mkazi wa Dodoma ana sababu zaidi. Mwaka 1973 TANU iliamua makao makuu ya nchi yahamie hapa, ikaundwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, CDA, na kazi ikapangiwa kama miaka kumi. Mpango mkuu wa mji ulikamilika mwaka 1976. Uliandaliwa na kampuni ya Project Planning Associates ya Toronto, Kanada, na ulikuwa mpango mzuri kuutazama: mji wa majengo ya chini, jamii za makazi zilizoshikamana kwenye njia ya basi, njia za waenda kwa miguu na baiskeli, miti na bustani katikati ya nchi kavu. Sehemu ilijengwa, sehemu kubwa haikujengwa. Fedha zilikosekana, vita vya Kagera vikaja, miaka migumu ikafuata. CDA ilivunjwa Mei 2017, na tarehe 26 Aprili 2018 Dodoma ikatangazwa kuwa jiji. Sasa tuna Mji wa Serikali Mtumba, tuna reli ya kisasa iliyoanza kuleta abiria kutoka Dar es Salaam mwaka 2024, tuna vijiko na malori ya kokoto usiku na mchana.

Mwenyeji wa mji huu, kwa zaidi ya miaka 50, amekuwa mtu wa kuonyeshwa ramani. Anaitwa kwenye mkutano, anaambiwa hapa patapita barabara, hapa patakuwa soko, wewe utahamia kule. Mara chache sana ameulizwa yeye angejenga nini. Siwalaumu wapangaji, kazi yao ni ngumu na nchi lazima ijengwe. Lakini mtu aliyewahi kuujenga mtaa wake mezani, akaona mwenyewe kwamba akiweka jengo hapa kivuli kinahamia kule, akahangaika mahali pa kupitisha maji ya mvua na mahali pa kumweka mama lishe, akienda kwenye mkutano wa mtaa atauliza maswali mengine kabisa. Meza ya vitofali ni mahali ambapo mtu wa kawaida anakuwa na mpango mkuu wake.

Toronto hiyo hiyo iliyotuchorea Dodoma imetoa pia mfano ninaoupenda kuliko yote katika mchezo huu. Anaishi huko msanii Ekow Nimako, Mkanada mwenye asili ya Ghana. Anajenga kwa vitofali vyeusi vitupu. Mwaka 2019, katika Jumba la Makumbusho la Aga Khan mjini humo, alionyesha kazi aliyoiita kwa jina la Kumbi Saleh, mji mkuu wa Dola ya kale ya Ghana, ambao magofu yake yako Mauritania ya leo. Alitumia takriban vipande 100,000, akaujenga mji huo kama utakavyokuwa mwaka 3020. Fikirieni hilo: mtu mzima anaketi na kichezeo cha watoto, anachukua mji wa Kiafrika ambao wengi hawajausikia, anaupa kuta, minara na miaka elfu moja mbele. Watu walilipa kiingilio kwenda kuutazama. Nilipoona picha za kazi ile nilisimama, nikazunguka chumba, nikarudi kuzitazama tena.

Maana ukitazama safu ya majengo maarufu inayotoka kiwandani, utakuta London, Paris, New York, Tokyo, Dubai. Afrika ina Piramidi Kuu ya Giza, iliyotoka mwaka 2022. Kusini mwa Sahara sijaona kitu. Sasa tukisubiri Billund watujengee tembe, nyumba ya asili ya Mgogo, tutasubiri sana. Afadhali tulijenge sisi.

Na tembe, wasikilizaji, linajengeka kwa vitofali kuliko nyumba nyingi za Afrika. Msonge ni duara, na vitofali vinapenda mstari, kwa hiyo msonge unatesa. Tembe ni refu, ni la chini, lina pembe mraba na paa bapa. Wazee walisimamisha nguzo karibu karibu, wakakandika udongo, wakalaza boriti juu, wakapanga fito na matawi, wakamwaga udongo na kuushindilia. Mabawa ya nyumba yanazunguka ua, na ng'ombe wanalala katikati. Upepo wa nyanda hizi unapita juu bila kupata cha kung'oa. Ndani kuna ubaridi wakati nje jua linachoma, na juu ya paa kuna uwanja wa kuanika mtama na mboga.

Leo ukitoka Dodoma kwenda Bahi, au ukipita Chamwino na Kongwa, matembe yaliyobaki unayahesabu. Operesheni Dodoma ya mwaka 1971 iliwahamisha Wagogo kwenye vijiji vya ujamaa, na kampeni za nyumba bora zikasisitiza tofali na bati. Bati lina faida zake, halivuji kama udongo unaochoka na mvua za Januari, na hakuna wa kumlaumu mama aliyechoka kukandika kila mwaka. Ila nyumba zimeondoka kabla hatujazipima, na vijana waliozaliwa mjini hawajui hata mlango wake ulielekea wapi.

Nililianza tembe langu na vipande nilivyovipata mtumba. Rangi ndiyo iliyonisumbua kwanza. Vitofali vimejaa nyekundu ya kuiva, njano, bluu, nyeupe. Rangi ya udongo wetu, ile kahawia inayoelekea wekundu, ipo lakini kwenye mfuko wa mchanganyiko unapata vichache. Mwishowe niliweka kahawia upande wa mbele, na kuta za nyuma nikaziacha zichanganyike. Ukizitazama kwa mbali zinafanana na ukuta uliokandikwa upya vipande vipande. Paa nikalifanya kwa vibao vyembamba, tabaka mbili zilizopishana, linalobanduliwa lote kwa pamoja ili mtu aone vyumba.

Siku moja akaingia jirani yangu, mama mtu mzima, mzaliwa wa Bahi. Nikamwamkia, "Shikamoo mama," akaitikia "Marahaba mwanangu" huku macho yako mezani. Akakaa. Akalibandua paa mwenyewe. "Hapa alala mama mkubwa," akasema, kidole chumba cha mwisho. "Na hapa vilindo vya mtama. Ndama wako wapi? Ndama hawalali nje mwanangu, fisi atawamaliza." Akatia mkono kwenye boksi, akatoa vipande vitatu vya kahawia, akavipanga ndani karibu na mlango. Kisha akaeleza jinsi yeye na dada zake walivyokuwa wanalala wakisikia ndama wakipumua upande wa pili wa ukuta, na jinsi moshi wa jikoni ulivyozuia mchwa kwenye boriti. Nimeishi naye ukuta kwa ukuta, tumezungumza mvua, bei ya unga, maji ya bomba, na hadithi ile haikuwahi kutoka. Ilitoka alipokuwa na kitu cha kushika.

Tangu siku ile sina wasiwasi juu ya thamani ya mchezo huu.

Sasa gharama, maana mtu atasema hayo ni ya matajiri. Seti kubwa za kiwandani ni ghali kweli. Ile ya chombo cha anga cha filamu za Star Wars, ya mwaka 2017, ina vipande 7,541 na huuzwa kwa takriban dola 850. Hiyo ni zaidi ya shilingi milioni mbili. Kima cha chini cha mshahara serikalini, baada ya nyongeza ambayo Rais Samia Suluhu Hassan aliitangaza Singida kwenye Mei Mosi ya 2025, ni shilingi 500,000. Miezi minne bila kula ili ujenge chombo cha anga! Simshauri mtu.

Njia yetu ni nyingine. Ya kwanza ni mtumba. Vichezeo vilivyotumika huingia pamoja na bidhaa nyingine za mtumba, na muuzaji mara nyingi hajui anauza nini, anavimwaga chini pamoja na magari yasiyo na magurudumu. Chagua kwa mkono. Angalia vinundu kama havijatafunwa, bana viwili uone kama vinashikana. Ya pili ni vya Kichina, vinavyopatikana kwa bei nafuu kwenye maduka ya vichezeo. Watu wananiuliza kama ni haramu. Hataza ya mwaka 1958 iliisha zamani, na mwaka 2010 Mahakama ya Haki ya Ulaya iliamua kwamba umbo la tofali lenyewe haliwezi kusajiliwa kama alama ya biashara ya kampuni moja. Kwa hiyo kiwanda kingine kikitengeneza tofali linaloshika na lile, kikaliuza kwa jina lake chenyewe, hakijamwibia mtu. Wizi ni kunakili seti na boksi la mwenzio, kama walivyofanya wale wa chapa ya Lepin, ambao polisi wa Shanghai waliwavamia mwaka 2019 na mahakama ikawafunga. Vya Kichina vipo vinavyobana vizuri na vipo vinavyolegea. Nunua kidogo kwanza, jenga ukuta wa kozi kumi, usukume kwa kidole. Ukiyumba, usirudi dukani hapo.

Ukishavipata, vioshe. Maji ya vuguvugu yasiyozidi nyuzi 40, sabuni kidogo, mswaki wa zamani, kisha vianike kivulini. Kivulini, narudia. Mji wetu uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari na jua lake ni kali, vitofali vyeupe vikikaa dirishani vinageuka njano. Na vumbi la kiangazi, kuanzia Juni, linaingia kati ya vinundu mahali ambapo kitambaa hakifiki. Mimi natumia brashi laini ya rangi, na kazi iliyokamilika naifunika kwa kanga.

Kupanga nako kuna elimu yake. Kila anayeanza hupanga kwa rangi, inapendeza machoni. Vikishakuwa vingi, panga kwa umbo. Jicho la binadamu likipewa kopo la vipande vyenye umbo moja na rangi mbalimbali, rangi inayotakiwa linaiona papo hapo. Lipe kopo la vipande vyekundu vitupu vya maumbo yote, utatafuta kipande kimoja mpaka chai ipoe. Makopo ya maziwa ya unga yanatosha, huhitaji kununua chochote.

Ombi langu kwa wenye nafasi: Maktaba ya Mkoa iko katikati ya mji, na vyuo vikuu vyetu, UDOM na St John's, vimejaa vijana wenye mikono hodari. Meza moja na boksi la pamoja, Jumamosi alasiri, anayekuja anajenga na anaviacha. Mtumishi aliyeacha familia Dar es Salaam angepata pa kukaa na watu bila kununua kinywaji. Hata zile warsha zinazojaza kumbi za mji huu kila wiki zingefaidika. Wenzetu wana utaratibu ulioandaliwa tangu miaka ya 1990, wataalamu wanakaa mezani na kila mmoja anajenga kwa vitofali jinsi anavyoliona tatizo la taasisi yake, kisha analieleza kwa kidole. Mkimya wa kikao anaonekana naye alikuwa na wazo.

Kwa anayetaka kuanza wiki hii, hiki hapa kipimo cha bawa moja la tembe, andika. Tumia moja kwa arobaini, yaani sentimita moja mezani ni sentimita 40 za kweli. Chukua vitofali vya safu moja ya vinundu vinne. Upana wake wa milimita nane unakuwa ukuta wa sentimita 32, ambao haujaenda mbali na unene wa ukuta uliokandikwa. Kimo ni kozi tano, karibu mita mbili. Urefu panga 16 kwa kila kozi, utapata mita 20 na ushee, na ubavuni panga vitatu. Ukihesabu pande zote nne na kuacha nafasi ya mlango mmoja au miwili, hutazidi vitofali 200. Mlango uelekeze uani. Paa liache libanduke, na kabla hujalifunga mwite mzee mmoja wa mtaani kwako alitazame, umwandikie anayoyasema.

Ukimaliza piga picha, na pembeni ya ukuta weka sarafu ya shilingi 100 ili tujue ukubwa. Uilete hapa studio au uitume kwa namba yetu ya kipindi, pamoja na jina la kijiji ambacho tembe hilo limetoka.